Amplifaya Iliyokuja na Gari

Gari la mtumba kutoka Japani lilipofika Kitale miaka ile, redio yake ilikuwa nusu bubu. FM ya Japani ilianzia 76 ikakomea 90. Yetu inaanzia 88 hivi hadi 108, kwa hiyo stesheni nyingi zilikuwa mbali kuliko redio ile ilivyoweza kufika. Skrini nayo iliandika Kijapani. Wenye haraka walifungiwa kile kidude cha kushusha masafa, wakasikiliza habari huku ikikwaruza. Wenye hela waling'oa redio nzima, na hapo ndipo wengi walipogundua kwamba gari lao lina amplifaya: sanduku la chuma lililofichwa chini ya kiti au ubavuni mwa buti, ambalo redio mpya haikuelewana nalo hata kidogo.

Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha fundi mmoja wa mjini ambaye nilikuwa nikishinda kwake kila likizo, nikimshikia tochi. Kabla ya sheria za matatu za Waziri wa Uchukuzi Michuki kuanza kutumika Februari 2004, wateja wake walikuwa wenye matatu za Webuye na Bungoma, na hao walitaka mshindo tu. Baada ya mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano, polisi wakaukazia macho na muziki wenyewe. Wakabaki walimu, wafanyabiashara wa Kimilili na wakulima waliokwisha kulipwa pesa za mahindi. Waliingia na Mark II, na Crown, na Legacy, wakisema neno moja: "Fundi, nitolee hii, uniwekee yenye nguvu."

Hakuitoa siku hiyo. Kwanza alifungua mlango, akachomoa waya za spika, akazipima kwa mita. Spika ya kawaida ya omu nne husoma tatu na pointi kadhaa. Za kiwandani mara nyingi zilisoma moja na nusu, au chini yake. Aliandika namba hiyo kwa biro kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, akakibandika mlangoni. Kisha alichukua betri ndogo ya tochi, akagusisha waya zake kwenye spika mara moja, aone karatasi inasukumwa nje au inavutwa ndani, ajue upi chanya na upi hasi. Spika mbili zikivutana kinyume, besi hupotea, na mwenye gari hudhani amplifaya ni mbovu.

Alinieleza sababu polepole, nami nimeishika hadi leo. Umeme wa gari ni mdogo: volti kumi na mbili, kumi na nne injini ikiwaka. Kwa umeme huo, redio iliyoandikwa wati 50 mara nne haiwezi kutoa zaidi ya wati ishirini na kitu safi kwa kila spika ya omu nne, hata msanii aimbe vipi. Amplifaya kubwa ya dukani ina transfoma ndani ya kuupandisha umeme huo. Wajapani mara nyingi walipita njia nyingine: waliuacha umeme ulivyo, wakapunguza ukinzani wa spika. Kwa hiyo amplifaya na spika zilizaliwa pamoja. Amplifaya ile ilijua ni wapi kioo kinarudisha sauti na ni wapi kiti kinaimeza, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya chumba kile kimoja. Ukiichomoa ukaacha spika zake, ile mpya itachemka na kujizima kabla hujafika Kiminini. Hivyo alibadilisha vyote au hakugusa chochote. Wateja wengine walimwona mkaidi, wakaenda kwa jirani.

Maandishi ya boksi hakuyaamini. Wati 1,000, wati 2,000. Yeye aligeuza amplifaya akatazama fyuzi. Fyuzi ya ampea 30 kwa volti 14 ni kama wati 400 zinazoingia, na karibu nusu ya hizo huishia kuwa joto. Mteja alilipia wati elfu moja, akapata mia mbili. Fyuzi nyingine kubwa aliifunga karibu kabisa na betri, kwa sababu waya mwekundu ukichubuka pale unapopenya kwenye bati la injini, gari huwaka moto.

Nguvu hakuijali alipofika kwenye kujaribu. Alikuwa na kanda ya litungu, ya mpigaji wa Kibukusu. Alikaa kiti cha dereva, madirisha yamefungwa, akisikiliza kama nyuzi zote saba zinasikika kila moja mahali pake. Baada ya litungu alipiga rumba ya Franco, na hapo alitafuta gitaa la solo na mi-solo: yakichanganyika, alirudi kwenye bisibisi, akapunguza. Mara nyingi alipunguza. Nimekaa na watu wengi wanaosema wanapenda muziki, lakini sijaona tena mtu akinyamaza hivyo kwa ajili ya sauti.

Leo ukishuka Kanduyi au ukipita mjini Kitale, kazi ni ya saa moja. Skrini kubwa ya Android, soketi inaingia moja kwa moja, wufa iliyo na amplifaya yake ndani inasukumwa chini ya kiti, na jaribio ni wimbo mmoja kutoka kwenye simu, milango wazi, hadi vioo vitetemeke. Vijana hawa si wavivu. Wana programu za kurekebisha sauti ambazo mzee wangu angezililia, za kuchelewesha spika moja ili sauti zifike sikioni pamoja. Sijaona anayezifungua. Mteja ana haraka, na hakuna anayelipia kusikiliza.

Kinachonisikitisha zaidi ni zile amplifaya za kiwandani zilizotolewa. Kuna Legacy zilizotoka kiwandani na mitambo ya McIntosh, kampuni ya Marekani yenye heshima kubwa kwa amplifaya za majumbani. Amplifaya hizo ziling'olewa kwa kuwa hazikutikisa vioo. Mzee alizipanga kwenye rafu akiamini wenyewe watazirudia. Alipofariki, familia iliuza rafu yote kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kwa kilo, kwa sababu ya aluminiamu ya kupozea. Mwaka huu mwalimu mmoja wa Bungoma, anayelitunza gari lake la zamani kama lilivyotoka kiwandani, aliniomba nimtafutie moja. Nimeulizia Eldoret, nimeulizia hadi Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi. Wananionyesha skrini.