Nesi na majani ya nyumbani (Sehemu ya 6): Funza kwenye kidole cha mwanangu

Sehemu hii niliwaahidi tangu wiki iliyopita, zamu za usiku zikanimaliza. Tangu niweke ile picha ya mwanangu akitambaa kwenye majani, mmeniuliza sana. Ni zulia lile? Umenunua wapi? Na mmoja akaniuliza, tena kwa herufi kubwa: NESI, SI WEWE UNAYETUAMBIA TUFYEKE NYASI?

Nianze na huyo, maana amenigusa penyewe.

Ni kweli nasema. Siku za kliniki hapa Dutwa nasimama mbele ya akina mama na kuwaambia wafyeke majani marefu yanayozunguka nyumba. Na nasema pia habari za funza: vaa viatu, osha miguu ya watoto jioni, mwagia maji vumbi kabla ya kufagia. Nimeyasema hayo miaka mingi kiasi kwamba hata nikiwa nasinzia naweza kuyasema.

Sasa mwaka juzi, mwezi wa sita, mwanangu wa mwisho ana miezi tisa, nampima uzito mimi mwenyewe. Namtundika kwenye mzani, mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akainama, akakishika kidole cha mguu cha mtoto. Akasema taratibu, kama anayenionea huruma, "Nesi, huyu si ana funza?" Nikaangalia. Kidoa cheupe, katikati kidoti cheusi, pembeni mwa ukucha. Funza kabisa. Jamani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nimalize chuo.

Usiku ule nililala nikiufikiria uwanja wetu. Ndani tuna saruji, ninapiga deki kila siku. Lakini mtoto anayetambaa hakai ndani. Mbele ya nyumba ni vumbi tupu, jeupe, laini kama unga. Mbwa wa jirani hulala pale kwenye kivuli mchana, na funza hupenda vumbi kavu kama lile, hasa kiangazi. Halafu mimi, kama tulivyofundwa wote, naufagia uwanja kila alfajiri mpaka michirizi ya fagio inaonekana. Mwanamke anayejiheshimu uwanja wake haulali mchafu, si ndiyo? Nilikuja kugundua kwamba kwa kufagia miaka yote ile nimeondoa udongo mpaka msingi wa nyumba umeanza kuonekana, na vumbi linazaliwa upya kila siku.

Saruji uwanja mzima hatukuiweza, na nyumba ni ya kupanga. Baba watoto akasema, kwa nini tusipande majani?

Hapo ndipo nikafanya kosa langu la kwanza. Mwezi wa saba, jua la Simiyu mnalijua, nikaenda Mwanza na kununua majani yaliyokatwa tayari, vipande vya mraba na udongo wake chini, vya kutandika tu. Muuzaji akaniapia vimekatwa asubuhi ile. Nikavipakia kwenye viroba, viroba kwenye buti la basi, nikafika Dutwa usiku. Kesho yake nina zamu. Keshokutwa nikafungua kiroba, nikakutana na joto kama la uvundikaji wa ndizi. Majani yamekuwa ya njano, mizizi imenyauka. Majani ya kutandika yanatakiwa yaguse udongo siku ileile yaliyokatwa, ikishindikana kesho yake asubuhi. Ukiyafungia, yanajipika yenyewe.

Nikayatandika hivyohivyo, pesa inauma. Tena bila kuulainisha udongo. Hapa kwetu sehemu kubwa ni mbuga, ule udongo mweusi: ukiloa unanata kama ugali, ukikauka unapasuka nyufa ya kuingiza mkono. Nikaweka majani juu ya udongo uliokauka kama tofali, nikawa nayamwagia maji kidogokidogo saa sita mchana, nikirudi kunyonyesha. Maji yalikuwa yanaishia juu. Baada ya wiki tatu ukiinua kipande kinainuka kizima kama chapati, hakuna hata mzizi mmoja ulioshika chini. Majirani walikuwa wanapita wanatabasamu.

Mama mkwe wangu alikuja mwezi wa nane. Alipoona alicheka, halafu akakasirika. "Mwanangu, unaleta nyasi mlangoni kwa watoto? Nyoka unamkaribisha wewe mwenyewe?" Sikumjibu. Kwa mama mkwe hujibu, unaandaa chai.

Lakini huyu mama ana ngitili kwao. Kwa walio mbali na Usukumani: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, lifunguliwe kiangazi mifugo ipate cha kula. Ni desturi ya zamani, na kuanzia 1986 ule mradi wa HASHI uliwahamasisha watu kuzirudisha kwa wingi huko Shinyanga, enzi hizo hata sisi wa Bariadi tulikuwa mkoa huo, kabla Simiyu haijawa mkoa 2012. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa ananisema kuhusu nyasi, nyasi anazijua kuliko mimi na yule muuzaji wa Mwanza. Jioni alizunguka ule uwanja, akapiga kipande kimoja teke dogo, akasema, "Hizi umezizika, hukuzipanda. Subiri mvua. Na kwanza ufunge, kuku na mbuzi wasipite. Nyasi hazifi kwa kukosa mbolea, zinakufa kwa kukanyagwa zikiwa changa."

Mwezi wa kumi na moja, mvua ya pili ilipopiga, alirudi na kiroba cha ukoka aliouchimba kando ya lambo kwao, bado una tope. Bure kabisa.

Safari hii tulifanya kwa utaratibu. Sehemu ndogo tu, hatua nne kwa tatu, pale mtoto anapochezea. Baba watoto alichimba kina cha kiganja, akachanganya mchanga na samadi iliyokaa mpaka haina harufu. Samadi mbichi msiiweke, inaunguza mizizi na inaleta inzi kwa mtoto. Tukasawazisha, ila tukaacha mteremko kidogo kutoka ukutani, maji yasituame. Tukaloanisha udongo kabla. Vile vipande vya Mwanza vichache vilivyopona tukavipanga vikigusana kama tofali, kiungo cha mstari huu kisilingane na cha mstari wa pili, tukavikandamiza kwa miguu. Sehemu iliyobaki tukachomeka vipandikizi vya ukoka, shibiri moja moja. Ukoka unatoa mizizi kila kifundo, wenyewe unatambaa.

Siku isiyo na mvua nilimwagia alfajiri, lita tano kila mita ya mraba, maana yake ndoo tatu za lita ishirini. Yaliposhika, nikapunguza mpaka mara mbili kwa wiki lakini kwa wingi, ndoo sita, ili mizizi ifuate maji chini. Dada mmoja aliniuliza atajuaje kama yameshika: vuta pembe ya kipande taratibu. Kikigoma, kimeshika. Maji ya kusuuzia nguo za mtoto nayatumia, yale ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha.

Mtoto hakukanyaga pale wiki sita. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote.

Sasa nimjibu yule wa herufi kubwa. Mbu wa malaria hazaliwi kwenye majani, anazaliwa kwenye maji yaliyotuama. Majani marefu yanampa pa kujificha mchana. Nyoka naye anafuata panya na vyura, na anapenda asipoonekana. Ndiyo maana majani yangu hayazidi vidole vinne, nakata kila yakirefuka, kidogo kidogo, sikati mpaka chini. Nikishindwa kuyakata, nitayang'oa, na nimemwahidi mama mkwe hivyo.

Ila msije mkasema nesi kasema majani yanazuia minyoo. Hayazuii! Minyoo ya safura hukaa vizuri tu kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, kama kuna mtu anajisaidia ovyo. Hapo dawa ni choo, viatu, na ile dawa ya minyoo tunayowapa watoto kuanzia mwaka mmoja, mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Mlete mtoto. Na kuku bado nawafukuza, kinyesi cha kuku na mkono wa mtoto unaoingia mdomoni havikai pamoja. Funza akionekana, usimchokonoe kwa pini iliyochomekwa kwenye khanga. Njoo kituoni tumtoe kwa kifaa safi, tuangalie na chanjo ya pepopunda.

Januari mvua ilikata kama kawaida yake. Maji ya ndoo yakawa ya kununua, nikayaacha majani. Yakawa kahawia yote, nikalia kidogo, nasema ukweli. Mama mkwe akasema kwenye simu, "Yaache, yamelala." Mwezi wa tatu ilinyesha siku mbili mfululizo, siku ya tano nikaona kijani kwenye vifundo.

Funza wengine sijawaona kwa mtoto mpaka leo, na mbwa wa jirani nimemwombea kwa mwenyewe afungwe mchana, nao wamekubali.

Mama mkwe yupo kwangu wiki hii. Naandika haya nimekaa kizingitini, yeye anafagia ile sehemu ya vumbi iliyobaki. Kila akifika kwenye majani anainua fagio, anaruka, anaendelea ng'ambo.

Sehemu ya 7 ni Jumapili, kuhusu homa ya mtoto saa nane usiku. Nikiwahi kutoka zamu.