Sisi Tuliozomea

Mara ya kwanza niliitazama kwa simu, chini ya blanketi, kwa siku tatu kwa sababu bando zilikuwa zinaisha. No Direction Home ni filamu ndefu. Saa tatu na nusu, kazi ya Martin Scorsese ya mwaka 2005, kuhusu Bob Dylan kabla hajawa yule mzee wa Tuzo ya Nobel. Inamchukua utotoni Hibbing, mji wa machimbo ya chuma kule Minnesota, na kumwachilia mwaka 1966 akiwa na miaka 25, amekonda, amechoka, anazomewa Uingereza nzima. Nilipomaliza nilikuwa na uhakika kwamba ningekuwepo enzi hizo, ningekuwa upande wake.

Mara ya pili niliitazama na watu. Hapo ndipo mambo yaliharibika.

Tulikuwa wanne sebuleni kwa baba mdogo, Buruburu. Baba mdogo mwenyewe, ambaye zamani alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za hoteli na siku hizi anatengeneza spika za makanisa. Rafiki yangu wa kazini, aliyekuja kwa sababu niliahidi chapo. Kaka yangu mdogo. Na mimi. Mimi na kaka yangu hatukuwa tumekaa chumba kimoja zaidi ya dakika kumi tangu 2019. Nitafika hapo.

"Kwani huyu ana homa?" ndilo lilikuwa swali la kwanza la rafiki yangu, Dylan alipofungua mdomo. Baba mdogo akamwambia atulie, sauti ni kama pilipili, haililiwi yenyewe. Lakini yeye naye hakutulia. Ilipofika sehemu ya Minneapolis, pale Paul Nelson anaposimulia jinsi kijana huyu alivyopita na rekodi zake za santuri bila kuaga, baba mdogo alipiga goti kofi. "Mwizi! Nilijua. Macho yake tu."

Halafu Dave Van Ronk. Hapa baba mdogo alichukua rimoti akasimamisha filamu, na ikabidi tusikilize. Van Ronk alikuwa mkubwa wa vilabu vya Greenwich Village, New York, Dylan alipofika huko Januari 1961 na gitaa na uongo mwingi kuhusu alikotoka. Van Ronk alikuwa amepanga upya wimbo wa zamani, The House of the Rising Sun, na alitaka kuurekodi kwa mpangilio wake. Dylan akamwomba ruhusa autumie kwenye albamu yake ya kwanza. Shida ni kwamba alipoomba, alikuwa ameshaurekodi. Baadaye Van Ronk akaacha kuuimba kwa sababu watu walimwambia ameutoa kwa Dylan. Kisha The Animals wakautoa mwaka 1964, ukavuma dunia nzima, na Dylan naye akaacha, kwa sababu watu walimwambia ameutoa kwa The Animals. Van Ronk anasimulia haya akicheka. Baba mdogo hakucheka.

"Ni Malaika hii," alisema. "Ni Malaika tupu." Akaanza: Fadhili William aliurekodi hapa kwetu, Watanzania wakasema ni wa Adam Salim, na ukiuliza mzungu yeyote atakwambia ni wa Miriam Makeba. Kisha akaingia kwenye nyimbo zake mwenyewe, ridhimu zake zilizobebwa na watu waliolipwa kwa niaba yake, majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Chai ikapoa. Niligundua kwamba baba mdogo hakuwa anatazama filamu ya Bob Dylan. Alikuwa anatazama filamu ya Dave Van Ronk, na nusu saa nzima baada ya hapo alikuwa akiuliza, "Yule jamaa mnene atarudi?"

Kitu kimoja tu kilimlainisha. Dylan aliposimulia kwenda kumwona Woody Guthrie, shujaa wake, aliyekuwa amelazwa New Jersey akiliwa na ugonjwa wa Huntington, na kumwimbia nyimbo zake Guthrie mwenyewe. "Angalau alienda kumwona mzee," baba mdogo alisema polepole. Hakuna aliyejibu. Wote tulijua ni wangapi wa bendi yake wamekuja kumwona yeye.

Rafiki yangu naye alikuwa ameshahamia kwa Joan Baez. Baez yuko jikoni kwake kwenye filamu hii, anacheka, anamwiga Dylan sauti mpaka unamwona. Yeye ndiye alikuwa na jina kubwa mwaka 1963, na ndiye aliyekuwa akimwita Dylan kwenye jukwaa lake, mbele ya watu wasiomjua. Miaka miwili baadaye akaenda naye Uingereza akitarajia kuitwa naye. Hakuitwa. "Alimbeba, akaachwa kwenye mataa," rafiki yangu alisema, na akaacha kula chapo, jambo ambalo silikumbuki likitokea kabla. Dylan anapoulizwa, anatoa sentensi moja kuhusu mapenzi na hekima kutokaa pamoja, basi, tunasonga. Hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa na filamu hii. Mahojiano yake yalifanywa na meneja wake, Jeff Rosen. Meneja wako atakubana vipi?

Kaka yangu hakuwa amesema neno.

Alianza na gitaa la boksi akiwa chuoni. Nyimbo za Kiswahili, polepole, kuhusu kodi ya nyumba na kuhusu shosho. Tulizunguka naye kwenye usiku wa mashairi mjini, mimi nikikaa mlangoni kukusanya mia mbili mbili, nikibeba nyaya, nikiwanyamazisha waliokuwa wakiongea nyuma. Watu walifumba macho akiimba. Nilijiona nina sehemu katika hilo. Halafu 2019, gengetone ikiwa imeshika mji, akatoa ngoma na wasee wawili wa mtaa wao. Biti, kelele, Sheng ya kule ndani. Niliandika kwenye ukurasa wangu maneno mengi kuhusu wasanii wanaojiuza. Sikutaja jina, lakini nani hakujua? Nilipata mapenzi mengi siku hiyo, mioyo na makofi kutoka kwa watu niliowakatia tiketi mlangoni. Yeye hakujibu kitu. Tangu hapo tuliongea tu kuhusu dawa za shosho.

Sasa Newport, Julai 25, 1965. Dylan anapanda na gitaa la umeme na bendi, watu wanazomea. Pete Seeger, mzee mpole wa nyimbo za umoja, anaeleza kwamba sauti ilikuwa imevurugika hadi maneno hayasikiki, na kwamba alisema angekuwa na shoka angekata waya. Mara ya kwanza nilimcheka. Safari hii nilimwelewa kabisa, na nikaogopa jinsi nilivyomwelewa. Alipenda yale maneno. Alitaka yasikike.

Na Uingereza, 1966. Filamu inarudi huko tena na tena, kama ulimi kwenye jino bovu. Nusu ya kwanza ya shoo Dylan anaimba peke yake na watu wametulia kama kanisani. Nusu ya pili inakuja bendi, na vurugu. Kamera inawauliza vijana nje ya ukumbi. Wamekasirika. Ni aibu, wanasema, huyu si yule tuliyempenda, amegeuka. Mara ya kwanza niliwaona wajinga. Sasa nilikuwa naona nyuso za watu walioumia, watu waliokuwa na mtu wao na sasa ni wa kila mtu. Nilizijua zile sentensi. Nilikuwa nimeziandika, kwa Kiswahili sanifu kuliko wao.

Lililonichoma zaidi ni kwamba Dylan alianza na kelele. Shuleni Hibbing alikuwa na bendi ya rock. Aliwahi kueleza kwamba ni baada ya kusikia rekodi ya Odetta ndipo alipotoa gitaa lake la umeme, akachukua la kawaida. Kwa hiyo wale waliodai amewaacha walikuwa wameingia katikati ya hadithi. Nikamkumbuka kaka yangu darasa la nane, akigonga dawati na kurap hadi mwalimu anamtoa nje. Nilikuwa nimesahau kabisa. Au nilikuwa nimeamua kwamba hiyo haihesabiki.

Manchester ikafika, Mei 17. Sauti kutoka gizani inamwita Yuda. Dylan anajibu kwamba haamini, kwamba mtu huyo ni mwongo, kisha anageukia bendi na kuwaambia wapige kwa nguvu zote. Rafiki yangu alishangilia. Baba mdogo alikuwa amelala. Mimi niliangalia sakafu.

Nilimsindikiza kaka yangu hadi steji. Tulitembea kimya hadi karibu na kituo cha mafuta.

"Wale wa Manchester," akasema, "si walilipa?"

"Walilipa."

"Na wakakaa mpaka mwisho."

"Wengi, ndio."

"Basi." Akapachika mikono mfukoni. "Wewe hata hukukuja."

Hakusema kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilitafuta cha kujibu na sikukipata, kwa sababu ni kweli. Ile ngoma niliisikiliza dakika moja kwa simu, nikaanza kuandika.

Matatu ikasimama mbele yetu ikipiga muziki wa kupasua kioo. Konda akaanza kumvuta mkono.

"Jumamosi niko na shoo," akasema, mguu mmoja ndani. "Ni kelele lakini."

"Ni ngapi mlangoni?"

"Mia tano. Na familia wanalipa."