Mtande wa Norwei na Ukili wa Pemba

Miongoni mwa sanaa ambazo watu wa Norwei wamezihifadhi kwa taadhima kubwa, ufumaji wa picha kwa kitanda kidogo kilichosimama wima ndio ulionivutia kupita zote, na tangu nilipohamia Bergen nyakati za jioni za baridi nazipitisha darasani, ambako yeyote mwenye ada, awe mwenyeji au mgeni, mwanamke au mwanamume, hukaribishwa ajifunze.

Kitanda chenyewe ni fremu ya mbao iegemezwayo juu ya meza. Nyuzi za kitani za mtande hutandwa toka juu hata chini, zikakazwa mpaka ziguswapo zilie, na nyuma yake hubandikwa karatasi yenye mchoro wa nakshi. Uzi wa sufu, ambao ndio mshindio, haupiti upana wote kwa mara moja, bali kila rangi hwenda na kurudi ndani ya mpaka wake. Tena haunyooshwi, hulazwa kwa mpindo, kisha hugongwa kwa kitana cha mbao hata mtande ufunikwe wote, kwani mshindio uliovutwa mno huzikaza kingo na kitambaa kikafanya kiuno cha nyigu. Upana wa vidole vitatu kwa jioni moja si haba.

Wengi hudhani sanaa hii imeshuka toka kwa mababu bila kukatika. Sivyo. Katika karne ya 19 ilikuwa imesalia kwa wachache vijijini, hata Frida Hansen wa Stavanger alipokwenda Lærdal mwaka 1889 kufundishwa kitanda cha wima na Kjerstina Hauglum, mfumaji wa huko. Kisha akafungua karakana, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 akatunukiwa nishani ya dhahabu. Mwaka 1910 kikaundwa Norges Husflidslag, chama cha kazi za mikono, ambacho matawi yake yangali yakifundisha.

Kwetu Pemba hakuna ada wala darasa. Bibi huketi barazani baada ya alasiri, chane za ukindu zimerashiwa maji zisikatike, vidole vyasuka ukili ilhali macho yako kwa wapita njia (na habari za mtaa hazimpiti), na mjukuu hujifunza kwa kukaa karibu. Ukili ukitimia urefu hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Kwa wepesi na usawa wa mkono, bibi yu mbele ya mwalimu wangu, nami sioni haya kumwambia. Lakini mwalimu ana daftari la nakshi na vipimo vya rangi, na kazi yake hutiwa jina lake; mkeka wa bibi huuzwa sokoni kwa bei tu, bila jina.

Na ufundi usioandikwa hupotea: Wareno wa karne ya 16 walizijua na kuzithamini nguo za hariri zilizofumwa kisiwani Pate. Leo anayetaka kujua vitanda vya Pate vilitandwa vipi hana fundi wa kumwuliza.

Basi, ewe msomaji uliye ughaibuni, ukirudi likizo mwulize bibi au shangazi majina ya nakshi za mikeka yake na namna achemshavyo rangi, uyaandike yote, na jina lake uliandike juu.