Maji ya Kwenye Kalenda

Maporomoko ya kwanza niliyoyachora yalikuwa ukutani mwa hoteli ya chai na mandazi, mjini Nyahururu. Niliyatoa kwenye kalenda: mlima wenye theluji, misonobari, na maji meupe pepepe yakiangukia ziwa la buluu. Mwenye hoteli alifurahi, wateja wakasifu, na kwa miaka kadhaa nikawa fundi wa picha hiyo moja, hoteli hadi kinyozi. Yote hayo nikiwa kilomita chache tu kutoka pale mto Ewaso Narok unapoporomoka mita 74, mahali ambapo msafiri Joseph Thomson alipita mwaka 1883 akapaita kwa jina la babake.

Siku zile tukisema rangi ya mafuta tulimaanisha ile ya mikebe, ya kupaka milango na mabango. Hukauka upesi, ukikosea, umekosea. Mzee mmoja mchoraji alinikuta juu ya ngazi, akasimama kitambo akitazama, kisha akauliza, "Kijana, haya maji umeyachota wapi?" Sikuwa na jibu. Aliporudi mara ya pili aliniletea tyubu tatu za rangi ya mafuta ya wachoraji: nyeupe, buluu na kahawia ya amba.

Rangi hiyo husagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayarukii hewani. Huvuta oksijeni na kuganda polepole, siku baada ya siku. Kukawia huko ndiko kulikonifundisha kutazama, maana nikikosea nafuta kwa kitambaa au nakwangua kwa kisu, nainua macho, naanza tena.

Nikiwa na tyubu zile niliteremka bondeni, chini ya maporomoko yenyewe, mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekolea. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa! Nilidhani nimeikosa siku yake, nikayachora meupe vilevile. Tena niliyachora vibaya: chini nilipaka rangi nzito yenye mafuta mengi, juu nikapaka nyepesi niliyoizimua kwa tapentaini. Ya juu ikakauka kwanza huku ya chini ingali inasogea, na baada ya miezi michache uso wa picha ukapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Tangu hapo naanza na mwamba. Naupaka amba iliyozimuliwa sana, ambayo kwa sababu ya manganizi iliyomo huwahi kukauka, na kila tabaka linalofuata nalizidishia mafuta kidogo. Maji huja baadaye. Pale juu kwenye ukingo ni membamba, jiwe linaonekana ndani yake. Katikati hukatika vipande virefu vyenye ncha, vikifukuzana kama mikuki. Chini hayana umbo tena: ni ukungu wa kijivu unaomeza miguu ya mwamba, nao naupata kwa brashi kavu, nikiipitisha kwa wepesi hadi mpaka wa jiwe upotee. Nyeupe tupu naiweka mwisho kabisa, mahali pawili au patatu jua lilipogusa.

Mwenye hoteli mmoja aliukataa mchoro wangu wa pili wa Mei, wenye maji ya kahawia kama yalivyokuwa, akisema maji ni machafu. Nilimwelewa, lakini sikumbadilishia. Ukahawia ule ni udongo wa mashamba ya juu unaokokotwa na mvua, na kuufunika kwa rangi nyeupe ni kuusingizia mto wetu usafi ambao mwezi ule haukuwa nao. Februari nilirudi nikakuta maji yamekonda, mwamba umeachwa wazi sehemu kubwa. Hayo pia niliyachora. Picha hizo mbili nimezitundika pamoja, Mei na Februari, na watu husimama hapo zaidi kuliko mbele ya nyingine yoyote niliyowahi kufanya.

Wewe unayeanza, iache kalenda ukutani uteremke mtoni mwenyewe. Nenda asubuhi, keti hata saa nzima kabla ya kufungua tyubu, na ubebe vitambaa vya kutosha, kwa sababu manyunyu yatakufikia ulipo.