Kimya cha Springi

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami naamini waliiona springi ya mbele ya gari kabla haijatengenezwa. Haitoi mlio, haina joto, haina waya wa umeme. Imebanwa tu kwenye shokapu, inangoja mtu afungue nati isiyofaa kufunguliwa.

Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia. Mdogo wangu ni fundi magari Tabata, Dar es Salaam. Nyumbani hutuzungumzia kana kwamba mmoja alifika na mwingine akaishia njiani. Usemi huo umezidi kunikera tangu nimwone akibadilisha springi iliyokatika ya IST.

Alilegeza nati za tairi gari likiwa bado chini, akalipandisha kwa jeki, kisha akalikalisha juu ya stendi mbili. "Jeki ni ya kunyanyua, dada, siyo ya kushikilia." Akatoa tairi, akachomoa mpira wa breki kwenye kishikizo chake, akafungua boliti 2 za chini na nati 3 za juu. Nati ya katikati hakuigusa. Hiyo ndiyo inayoizuia springi isiruke.

Shokapu ikatoka nzima, na kazi ikasimama. Vibanio vya springi hutumika viwili, kila kimoja upande wake, na cha pili kilikuwa kimeazimwa. Mwenye gari, dereva wa teksi mwenye hesabu ya kupeleka jioni, akachoka kusubiri.

"Funga kamba, kijana. Wenzako wanafunga kamba."

"Mzee, naomba nusu saa. Kamba ikikatika hatutakuwa na la kuongea."

Mzee akampigia fundi mwingine, kwa sauti ya kutusikilizisha. Pesa ya siku nzima ilikuwa inaondoka mbele yetu. Mdogo wangu akageuza ndoo, akakaa.

Mimi nikapiga hesabu. Robert Hooke alichapisha kanuni yake mwaka 1678: nguvu ya springi huongezeka kadiri inavyobanwa. Springi yenye ugumu wa nyutoni 20 kwa milimita, ikibanwa sentimita 15, husukuma kwa nyutoni 3,000 na kuhifadhi jouli 225. Ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukidondoka kutoka karibu nusu mita. Tofauti ni kwamba springi huelekea uso wa aliyeiinamia.

Kibanio kikaletwa. Akakaza kwa spana ya mkono, mizunguko michache huku, michache kule, ili springi isipinde. Ilipolegea ikacheza kwenye vikalio vyake, ndipo akafungua nati ya katikati, uso kando. Akaibana springi mpya vilevile, akaulaza mwisho wake kwenye kituo cha kikalio cha chini, akakaza nati, ndipo akalegeza vibanio kwa zamu. Akabadilisha na upande wa pili, maana springi mpya na kuukuu hazibebi gari sawa.

Mzee alilipa, akaondoka bila kuaga.

Nikamwonyesha mdogo wangu zile jouli 225. Akazitazama, akauliza: "Na kamba inahimili ngapi?"

"Inategemea ni kamba gani."

Akacheka, akifuta vibanio kwa kitambaa. "Basi umeshajibu, dada. Mimi siwezi kuinamia kitu cha inategemea."