Heroe wa Bogoria

Mwenye kuzitazama picha za heroe wa Bonde la Ufa, zilizotundikwa katika mahoteli na kuchapwa katika kalenda, atadhani kwamba ndege hawa umri wao wote huwa angani, wamekunjua mbawa zao nyekundu zenye pindo jeusi; kumbe heroe akiachwa na raha yake hushinda amesimama majini, kichwa amekipindua chini, akichuja kwa mdomo mwani mdogo usioonekana kwa macho, na kuruka kwake kwa ghafla mchana aghalabu ni kwa hofu. Jambo hili lilinidhihirikia katika Ziwa Bogoria, nilikokwenda na sahibu yangu mmoja, mpiga picha wa arusi mjini Nairobi, mtu karimu na mcheshi, illa amezoea kuwaamrisha watu waliovaa nguo za thamani wageuke huku na wacheke kule, nao wakatii.

Safari yenyewe haina la kusimuliwa, isipokuwa joto la Marigat na mbuzi waliolala barabarani kana kwamba wameilipia. Nakuru hatukushuka. Ziwa lile, ambalo mwaka 1990 lilikuwa la kwanza nchini Kenya kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu, lilianza kufurika tangu mwanzo wa miaka ya 2010, magadi yake yakazimuliwa, na heroe wengi wakalihama. Bogoria nalo limepanda: barabara ya ufuo wa magharibi imemezwa, na miti iliyokufa imesimama majini, mikavu na myeupe.

Ndege walikuwapo. Katika ziwa hili wamepata kukadiriwa zaidi ya milioni moja kwa wakati mmoja. Siku ile sikujaribu kuhesabu, maana tangu miguuni petu hata chini ya majabali ya ng'ambo maji hayakuonekana ila kwa mapengo, na mvumo wa sauti zao haukukoma hata kwa kitambo cha kuvuta pumzi. Harufu ya magadi na ya mavi ya ndege ilitukaba koo. Hiyo kamera haichukui, nami naona ni hasara.

Sahibu yangu alilala kifudifudi matopeni, akapiga picha kwa bidii, kisha akainuka na uso wa mtu aliyepunjwa.

"Mzee," akamwambia kiongozi wetu, Mwendorois wa makamo ambaye hadi hapo hakuwa amesema mengi, "hebu wapigie makofi waruke."

"Hapana."

Sahibu yangu akacheka, akatoa noti ya shilingi elfu moja. "Ni dakika moja tu, mzee wangu."

"Dakika moja ni yako wewe. Wao watazunguka, watashuka mbali, waanze upya. Chakula cha ndege huyu ni kidogo kuliko vumbi. Asiposhinda akila, hashibi. Na usiku akitaka kwenda Elementaita, au Natron kule Tanzania wanakotagia, ataruka kwa nguvu gani?"

"Ndege ni wa Mungu, mzee."

"Ni wa Mungu, na hapa ni hifadhi. Ipo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Ile iliyomwondoa baba yangu hapa," akajibu yule bwana, wala hakupaza sauti. "Iliyomshinda baba yangu utaiweza wewe?"

Noti ilirudi mfukoni. Sahibu yangu akaenda kukaa garini, akaubamiza mlango, na mimi nikabaki na kiongozi, nikiwa na haya kidogo kwa ajili ya mwenzangu, na shauku kubwa zaidi ya kusikia. Alinieleza kwamba ziwa lilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1973, yeye alikuwa bado ananyonya. Jamaa zake waliotolewa ufuoni walipoteza malisho, na mahali pa kulambisha ng'ombe chumvi, na ziwa lenyewe ambamo, kwa itikadi yao, hukaa roho za wazee waliotangulia. Wakashitaki, na mwaka 2010 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Waendorois wamedhulumiwa na warudishiwe ardhi yao. Ardhi haikurudi. Mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza Bogoria, pamoja na Nakuru na Elementaita, katika Urithi wa Dunia, na yule bwana akasema kwamba habari hiyo wao waliisikia kama ilivyosikiwa na watu wengine, redioni.

Nikamwuliza, je, moyo wake haumsuti kuwalinda ndege waliofanywa sababu ya kuhamishwa kwake? Akanitazama kwa mshangao. "Aliyetia sahihi si heroe," akasema.

Hapo ndipo ndege walipoinuka. Bogoria halina samaki kwa ukali wa magadi yake, kwa hiyo furukombe, ambaye kwingineko huvua, huku huwinda heroe. Naye alitokea upande wa jua, chini kabisa, na ufuo mzima ukapanda hewani kwa ngurumo, ukajikunja, ukageuka, wekundu ukafunika weusi na weusi ukafunika wekundu. Sahibu yangu alitoka garini mbio na kiatu kimoja. Picha aliyoipata ni nzuri, nisiseme uongo, ni nzuri kuliko zote za kalenda, na kiongozi alipoonyeshwa alitia kidole pembeni, kwenye doa la kahawia ambalo mwenye picha hakuwa ameliona, akasema: "Huyu ndiye uliyetaka niwe."

Wakacheka wote wawili, na hasira ikaisha. Lakini langoni, ilipofika zamu ya malipo, yule bwana alitaja ujira wake tuliopatana, kisha akahesabu saa tulizozidisha, moja moja, bila ya kupunguza hata robo. Sahibu yangu akasema kiingilio tulikwisha kulipa. "Kiingilio ni cha kaunti," akajibu, "mimi nadai changu." Walibishana mpaka kufika mlinzi, na mimi, niliyeitwa kuwa shahidi, nikatoa ushahidi kwamba saa zile zilikuwa sahihi.