Springi ya Mbele na Mkono wa Kijana Wetu

Barabara za mitaa yetu, baada ya mvua za masika, hazina huruma kwa gari. La kwetu lilianza kugonga upande wa mbele kila lipandapo tuta, na kijana wetu wa pili akaomba alitengeneze mwenyewe uani, ili ujira wa fundi ubakie kwa karo ya wadogo zake. Ombi la namna hiyo halikataliwi kwa haraka.

Tulikwenda kulikagua. Vijiti viungavyo baa ya kuzuia gari lisilale kwenye kona vilikuwa vimelegea. Hivyo hufunguliwa kwa spana tu, nasi tulimruhusu, kwa sharti kwamba gari likalie stendi za chuma penye saruji. Jeki peke yake, tena juu ya mchanga wetu huu, si ya mtu kulaza kichwa chini yake.

Shokabzoba zilizovuja mafuta ni habari nyingine. Springi iliyozizunguka hukaa imebanwa daima; ukifungua nati ya juu bila kibano chake, hufyatuka kwa nguvu za kuvunja taya. Hapo tulikataa. Mama yake alizisikitikia fedha, nasi pia, lakini tulilipa gereji wabadilishe zote mbili za mbele kwa pamoja, kwani mpya na kuukuu haziendi sawa gari likipigwa breki. Kisha wakayanyoosha magurudumu, tairi zisilike upande mmoja.

Kijana alisimama kando akitazama jinsi kibano kinavyofungwa. Amekwishauliza bei yake.